Maziwa Ambayo Hukumpa Paka

Minza mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na baba yako amepeleka sanduku lako kwa jirani ili lifungwe kamba vizuri. Nyumba imenyamaza. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari, kwa sababu mkono wangu haujazoea kuandika mahali pengine.

Mambo ya safari sitayarudia. Sabuni umepewa, barua ya mwenyekiti wa kijiji unayo, na baba yako amekueleza mara nyingi kuliko inavyohitajika namna ya kupata nafasi katika basi la Mwanza. Jinsi ya kukaa mbele ya wakubwa unajua. Pengine unajua kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Kuna kosa nililokutendea ulipokuwa na umri wa miaka minane. Kwa miaka kumi nimekuwa nikijiambia kwamba nitakueleza, na kesho unaondoka kwenda kusomea uuguzi bila ya kuelezwa. Nataka uondoke ukiujua ukweli, hata kama utanipunguza machoni pako. Ni habari ya paka.

Unamkumbuka Balozi, bila shaka. Huenda hukumbuki vizuri jinsi tulivyompata, basi nianzie hapo.

Tulihamishiwa kijijini mwezi wa saba, wakati wa operesheni ya vijiji. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa lakini bado haijanunuliwa, kwa hiyo tulisafiri nayo ndani ya magunia juu ya lori, pamoja na mitungi, kuku na milango ya nyumba ya zamani. Baba yako alipoanza kubomoa paa, paka mama alikimbilia kwenye mkonge na hakuonekana tena. Aliacha watoto watatu nyuma ya kihenge. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa amefumbua macho siku chache tu zilizopita, na alitetemeka alipojaribu kusimama. Ulimtia ndani ya gauni lako ukadhani sijaona. Niliona. Nilitaka kukuamuru umrudishe, ila baba yako alisema kwamba huko tunakokwenda nyumba zimebanana na nafaka itakaa ndani kwenye magunia, na panya hawatahitaji kualikwa. Nikakubali kwa sababu ya panya. Huruma haikuwamo.

Wewe ulimlea. Ulimlambisha uji mwepesi kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, na usiku alilala tumboni mwako. Alipopata nguvu alianza kuzunguka nyumba za majirani, moja baada ya moja, kana kwamba anakagua, ndipo ukamwita Balozi. Nilikukataza kumpa paka cheo cha mtu, lakini jina lilikwisha kukaa. Siku moja baadaye, alipokwisha kuanza kuugua, nikapiga kelele kutoka jikoni, nikasema Balozi ametapika tena mlangoni, leteni majivu. Nilipotoka nikamkuta balozi wetu wa nyumba kumi amesimama uani na kofia mkononi.

"Mimi bado, mwalimu," akasema. "Lakini nikiendelea kunywa maji ya kisima chenu sitachelewa."

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka mwaka ule, Minza. Darasa langu lilikuwa na watoto kutoka vijiji vitano vya zamani, wengi bila madaftari. Jioni kulikuwa na elimu ya watu wazima, Jumamosi shamba la kijiji. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na udongo ambao haujakauka. Katika hali hiyo nilikuwa nikishika kwa nguvu kila kitu kidogo nilichoweza kukitawala. Naeleza tu jinsi nilivyokuwa. Sijitetei.

Jambo la kwanza nililoamua ni kwamba paka hafai kulala na mtoto. Nilikuwa nimeona anavyofanya. Alikuwa akikanyagakanyaga tumbo lako kwa miguu ya mbele, huku akifyonza ncha ya kanga yako mpaka inalowa. Nikaona ni uchafu. Nikatafuta kikapu, nikakijaza pamba yetu wenyewe, safi, nyeupe, ya daraja la kwanza, nikamlaza humo katika chumba cha magunia na kufunga mlango. Nilijiona nimemtendea wema mkubwa. Watu walikuwa wakilala juu ya mikeka, na paka wangu alikuwa juu ya pamba.

Baada ya siku tano au sita akaanza kutapika.

Nililishughulikia jambo hilo kama ninavyoshughulikia darasa lililoshindwa mtihani. Niliweka ratiba. Paka atakula mara mbili, asubuhi kabla sijaenda shuleni na jioni nikirudi, na asipewe kitu katikati. Matokeo yake alikaa na njaa mchana kutwa. Jioni aliruka juu ya chakula, akakimeza bila kutafuna, na baada ya muda mfupi akakirudisha chote. Nikasema ni mlafi. Nikapunguza chakula. Halafu nikasikia kwamba maziwa ya ng'ombe huharibu matumbo ya paka wengine, nikapiga marufuku maziwa. Halafu nikaondoa dagaa, nikabakiza ugali mtupu. Halafu nikaondoa ugali, nikarudisha dagaa wa kuchemsha. Nilibadilisha amri kila baada ya siku mbili, na sikuipa hata moja muda wa kuonyesha kama inafaa. Kama mwanafunzi wa ualimu angefundisha hivyo mbele yangu, ningemwambia aketi.

Siku ya kuogesha ng'ombe nilimchukua Balozi katika kapu, nikampeleka josho. Sidhani kama uliwahi kuijua safari hiyo. Bwana mifugo alikuwa kijana aliyepita mikononi mwangu akiwa darasa la tatu. Alisimama kwenye matope, ng'ombe wakisukumana pande zote, wachungaji wakipiga miluzi. Akanisalimu shikamoo, akaniuliza nimeleta ng'ombe wangapi. Nikafunua kapu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimesomea ng'ombe."

Wachungaji waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao ili nisiwaone wakicheka. Hata hivyo kijana yule alifanya kazi yake. Alimshika paka tumbo, akatazama fizi, na kuniuliza maswali matatu: anakula nini, analala wapi, na matapishi yake yanafananaje. La kwanza nililijibu kwa kirefu sana, amri zangu zote kwa mpangilio. La pili nililiona halina maana, nikasema analala mahali pasafi. Kuhusu la tatu, nilisema kwamba huwa nayafunika kwa majivu na kuyazoa mara moja. Akanishauri nisiyazoe tena kabla ya kuyatazama. Nikaondoka nimekasirika kwa sababu ya vile vicheko.

Lakini nikayatazama. Na hapo ndipo nilipokukosea.

Asubuhi iliyofuata nilikuta sakafuni madonge meupe, laini, yameloa. Nikajua papo hapo ni nini. Nani katika nchi hii asiyejua maziwa yaliyoganda? Kibuyu cha mtindi kilining'inia ukutani, mahali unapoweza kufika ukipanda juu ya kinu. Nilikuwa nimekataza maziwa, na maziwa haya hapa. Nikakuita. Nikakuuliza kama umempa paka maziwa.

Ulisema hukumpa. Nikakuuliza mara ya pili, nikakuonyesha madonge. Ukayatazama kwa makini, ukasema tena, "Sijampa, mama."

Nikachukua fimbo.

Sitaandika viboko vilikuwa vingapi. Wewe unajua, nami najua. Nilipouliza mara ya tatu ulisema umempa, ukasema samahani, ukasema hutarudia. Hukuwa ukilia kwa sauti tena. Nilikufuta uso kwa kanga yangu, nikakuambia kwamba nimefurahi kwa sababu hatimaye umesema kweli, na kwamba mtu akikiri kosa lake huwa ameushinda moyo wake. Kisha nikakupa daftari, nikakuandikisha mara kumi kwamba hutasema uongo. Uliruka herufi moja mstari wa saba. Nikaisahihisha kwa wino mwekundu.

Baada ya siku hiyo paka alizidi. Akaacha kula kabisa. Alikaa kando ya bakuli, akanusa, akageuka, akatoa sauti kama ya mtu anayekohoa bila kutoa kitu. Nawe ukaacha kula. Ulikuwa ukimega tonge, ukalizungusha katika mchuzi, ukalirudisha. Baba yako alikuonea uchungu, akaona heri jambo lenyewe liishe, akatayarisha gunia. Aliniambia kwamba Jumamosi, wewe ukiwa kwa shangazi, atampeleka paka mbali. Nikamwambia afanye hivyo.

Ijumaa akaja bibi yako, mama yangu, kutoka Kimali. Alikuja kuona kijiji kipya, na alikuwa na dhamira ya kukisema vibaya. Alizunguka nyumba, akasema madirisha ni madogo, akasema mlango unatazama upepo. Kisha akaingia chumba cha magunia kutafuta mahali pa kuweka mzigo wake, akamwona Balozi kikapuni.

Aliniita. Akaniuliza kwa nini paka huyu anakula kitanda chake.

Nikachungulia. Paka alikuwa amezika uso wake katika pamba, miguu ya mbele inakanyaga, mdomo unafyonza. Aliponyanyua kichwa, uzi mrefu wa pamba ulikuwa umeingia kinywani, naye akaumeza. Bibi yako alinitazama, akauliza paka hutapika nini. Nikamwambia maziwa ya mgando, na kwamba wewe ulikuwa ukimpa kwa siri na umekwisha kukiri. Akaniomba nimwonyeshe. Asubuhi ile paka alikuwa ametapika kidogo nyuma ya gunia, na sikuwa nimezoa.

Bibi yako alichukua donge kwa kijiti, akalitia katika bakuli la maji, akalikoroga. Unajua maziwa yanavyofanya katika maji. Donge lile halikuyeyuka wala kuyatia maji weupe. Lilifunguka taratibu, likawa nyuzi. Akazivuta kwa vidole viwili, akazinyoosha mbele ya macho yangu, pamba ya daraja la kwanza.

Akasema kwamba kitoto kikiondolewa kwa mama yake kabla ya wakati huendelea kulitafuta ziwa, na kitafyonza chochote laini kinachokikuta. Kanga haimezeki. Pamba inamezeka. Alisema hayo akimtazama paka tu, na namshukuru, kwa kuwa alijua, kama ninavyojua, kwamba nilikuachisha ziwa ukiwa na miezi minane ili niende kozi, nikakuacha naye Kimali. Niliporudi ulijificha nyuma yake kama unayemkimbia mgeni.

Tulikichoma kikapu. Bibi yako alikaa wiki mbili, akamponya paka wako bila dawa yoyote. Alimpa maji ya dagaa ya vuguvugu kwa kidole, kisha uji wa mtama uliochujwa, kidogo sana, mara sita au saba kwa siku. Alipotapika alimwachia tumbo lipumzike, akaanza tena na kiasi kidogo zaidi. Siku ya nne ndipo alipomtafunia samaki. Na aliamuru paka arudi kulala nawe. Mimi nilikuambia umruhusu kwa sababu ya panya walio chumbani mwako. Ulinishukuru.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi Kimali, bibi yako aliniuliza jambo moja.

"Mtoto amesema kweli, ukampiga. Utamwambia lini?"

Nikamjibu kwamba nitakuambia ukikua kidogo, uweze kuelewa.

"Akikua," akasema, "atakuwa amekwisha kuamini."

Nikamwomba asikuambie yeye. Hakukuambia, na alikwenda kaburini bila kukuambia. Hilo nalo ni langu.

Unaweza kuuliza nilishindwa kwa nini. Nimejiuliza mimi pia, na jibu si zuri. Mwanzoni niliogopa kwamba ukijua mama na mwalimu wako alikosea kwa uhakika wote ule, hutaniamini tena katika mambo ya kweli. Baadaye niliona faida. Ulikuwa mtoto mtiifu kupita wote. Ukiulizwa, ulikiri. Ulipokuwa darasa la sita mtungi wa maji wa shule ulivunjika, na ukasimama kusema ni wewe, ilhali ulipovunjika ulikuwa darasani kwangu, mbele ya macho yangu, ukifanya hesabu. Nilikuketisha, lakini nilinyamaza. Ukiwa sekondari mlezi wa bweni aliniandikia kwamba hajapata kuona msichana mnyenyekevu kama wewe, anayeomba radhi hata kwa makosa ya wenzake. Wazazi wengine walinijia kuuliza nimekuleaje. Niliwajibu. Niliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya kata nikawaeleza watu jinsi ya kulea, na kila neno lilikuwa limejengwa juu ya lile donge la pamba.

Mwaka jana ulipoomba radhi kwa shangazi yako kwa sababu mvua ilinyesha nguo zikiwa nje, nilikutazama, nikaona mtu mzima ambaye bado amesimama mbele ya fimbo yangu. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Baba yako anadhani ni maumivu ya miguu.

Sasa unakwenda mahali pa wagonjwa. Huko makosa yatatokea, kwa kuwa watu wanachoka. Siku moja dozi itazidishwa, au mtoto atapewa dawa ya mwenzake, na mkubwa wa wodi ataingia na kuuliza ni nani. Nakufahamu. Utausikia ulimi wako unaanza kusema ni wewe kabla hujafikiri. Ukikubali, aliyekosea ataendelea kukosea, na kitanda kinachofuata kitapata mgonjwa mwingine. Kama ni wewe, sema. Kama si wewe, sema si wewe. Usiposadikiwa, sema tena, na wakikuuliza mara ya tatu, jibu lako libaki lile la kwanza. Ulikuwa na uwezo huo. Ulisimama mara mbili, mtoto wa miaka minane, mbele ya mtu mzima mwenye fimbo na ushahidi mkononi. Mimi ndiye niliyekuondolea.

Na mgonjwa akikataa chakula, mtazame kabla ya kumkemea. Uliza analala wapi. Mimi niliulizwa nikajibu kwa kiburi.

Sijui kama nimeandika vizuri. Nimefundisha watoto miaka ishirini na minne jinsi ya kupanga barua, na hii imenishinda kupanga. Nimechoka, mwanangu. Kumbe jambo dogo lililonyamaziwa ni zito kuliko gunia, na hakuna wa kukupokea.

Basi niseme kwa maneno machache. Hukumpa maziwa. Ulisema hivyo mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kweli. Mimi nilikupiga mpaka ukasema uongo, kisha nikakusifu kwa uongo huo, kisha nikajua, kisha nikanyamaza. Nakuomba msamaha kwa kila kimoja cha vitendo hivyo vinne, na cha mwisho kuliko vyote.

Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na watoto wa shangazi. Barua hii nitakupa mkononi kesho, basi likiwa limekwisha kuanza kunguruma, ili usipate nafasi ya kuifungua mbele yangu. Huo ni woga. Najua.

Tena najua kwamba kabla hujafika Lamadi utakuwa umekwisha kunitungia jibu la kunituliza: kwamba ulikuwa mdogo, kwamba umesahau, kwamba si kitu, mama. Usiniandikie hivyo. Kama una hasira, niandikie kwa hasira, hata kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Na kama hutaki kuniandikia kwa muda mrefu, usiniandikie. Nitakwenda posta kila Ijumaa, nitaambiwa hakuna kitu, nami nitajua kwamba barua yangu imesomwa.

Mimi mama yako.